Muulize Mama Wadeni: Boom imegoma, kitanda hakuna, na daftari la mama lishe

Kila Novemba sanduku hili hujaa kuliko mwezi mwingine wowote. Wa mwaka wa kwanza hawajui waanzie ofisi ipi, na wa mwaka wa tatu wanajua vizuri ila wananiandikia saa nane za usiku badala ya kwenda. Wanaonifahamu wanajua historia yangu: nimekaa kwenye ofisi za mabweni nikiwa wadeni, yaani msimamizi wa bweni, tangu enzi za fomu za kaboni, nikastaafu, sasa najibu barua. Walioandika majina ya vyuo vyao kwa lawama nimeyafuta. Siwezi kumhukumu mtu hapa gazetini wakati yeye hajasikilizwa.

Shikamoo Mama Wadeni. Niko mwaka wa pili, Dodoma. Wenzangu wote chumbani boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, imeingia tangu Jumatatu, mimi simu iko kimya. Mwaka jana nilipata bila shida. Afisa mikopo ananiambia nisubiri, CR wetu, kiongozi wa darasa, anasema ni mfumo. Nimeshaanza kula ada ya mdogo wangu niliyopewa nimlipie. Nifanyeje?
*Simu Kimya, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Ukiambiwa "ni mfumo", uliza mfumo upi, kwa sababu pesa yako inapita kwenye mifumo mitatu na kila mmoja una mtu wake. Kwanza ni wa chuo: chuo ndicho kinachoiambia Bodi ya Mikopo kwamba upo, umesajiliwa mwaka huu na umefaulu mwaka uliopita. Pili ni wa Bodi yenyewe, ambako malipo yanaandaliwa na wewe unathibitisha kwa kusaini. Siku hizi mnasaini kwa simu kupitia DiDiS, mfumo wa malipo wa Bodi, sisi tuliwapanga foleni kwenye jua. Tatu ni benki.

Kwa mtu wa mwaka wa pili ambaye mwaka jana alipata, mimi huanza kuuliza jambo ambalo hukuliandika: ulikuwa na sapu? Kama ulirudia mtihani Septemba, matokeo yako yalipitishwa baadaye kuliko ya wenzako, na jina lako likapanda orodha ya nyuma. Hapo kweli utasubiri, lakini utakuwa unajua unasubiri nini. Kama huna sapu, swali la pili ni usajili. Kukaa darasani siyo kusajiliwa. Nimewaona vijana waliohudhuria vipindi wiki sita, wanajibu maswali mpaka mhadhiri anawajua kwa majina, na kwenye kumbukumbu za chuo mwaka huo hawapo, kwa sababu kuna malipo madogo walisema watayamalizia boom ikiingia. Na boom haiingii kwa asiyesajiliwa. Mduara huo umewanyoosha wengi.

Kuna na jambo la namba. Bodi haikujui kwa jina zuri alilokupa bibi yako, inakujua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulirisiti, yaani ulirudia mtihani huo, unazo namba mbili. Ukiwa uliomba chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, ipo siku zitagongana. Sisemi ndilo lako, kwa kuwa mwaka jana ulipata, ila liangalie.

Kesho asubuhi usianzie kwa afisa mikopo. Anzia ofisi ya usajili, uulize hali yako ya mwaka huu wa masomo inasomekaje, na uombe uione kwa macho yako kwenye kioo cha kompyuta. Ukitoka hapo ndipo uende dawati la mikopo na barua ya ukurasa mmoja: jina, namba ya usajili, namba ya kidato cha nne, akaunti, na sentensi mbili za tatizo. Nenda na nakala, nakala hiyo igongwe muhuri wa mapokezi. Aliyekwambia "subiri" kwa mdomo hatakumbuka sura yako Ijumaa, ila muhuri wenye tarehe ataukumbuka. Na uingie DiDiS uangalie kama kuna malipo yanayokungoja usaini. Pesa isiyosainiwa kwa muda uliowekwa hurudishwa Bodi, na kuifuata huko ni safari nyingine.

Kuhusu ada ya mdogo wako: mpigie baba leo. Usingoje siku ambayo mtoto atarudishwa nyumbani na begi lake.

Mama Wadeni, habari za kazi. Mimi siyo mwanafunzi, ni mama lishe, nina banda jirani na geti la chuo hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wanakula kwa daftari wakisubiri boom. Boom ikiingia wanapita njia ya nyuma, wanakwenda kula chipsi kuku mjini. Mmoja peke yake ana deni la 74,000. Nikimfuata wadeni wa bweni lake atanisaidia? Nikiwakatalia wote, nani atanunua?
*Mama Wali Maharage*

Njema dada yangu, pole na moshi. Wadeni hatakusaidia, na nakwambia hivyo nikiwa wadeni mstaafu. Chuo hakimdhamini mwanafunzi kwenye sahani. Utasikilizwa vizuri, utapewa kiti, utarudi na deni lako.

Naomba nikisie daftari lako limeandikwaje. "Rasta 3,000." "Yule mrefu wa injinia 2,500." "Dada wa miwani wali samaki." Nimepatia? Wakishaondoa miwani na kunyoa rasta, daftari linabaki hadithi. Kuanzia kesho anayekula kwa mkopo anatoa kitambulisho cha chuo, unaandika jina lililopo hapo na namba ya usajili, namba ya simu unaipiga palepale mpaka iite mfukoni mwake, na anasaini. Anayekataa hakuwa na nia.

Halafu weka dari. Mwanafunzi mwenye mkopo kamili anapewa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/2023. Boom ya siku 60 ni 600,000, na humo humo amalize kodi, sabuni, vocha na nauli. Kwa hiyo mtu mwenye deni la 74,000 kwako amekula zaidi ya wiki nzima ya boom ijayo kabla haijaja. Huyo hapiti njia ya nyuma kwa dharau tu, anaogopa. Mimi dari langu lingekuwa 10,000, siku yake moja. Akifika hapo, alipe kwanza.

Lililo bora zaidi nililiona kwa mwenzako mmoja miaka ya nyuma. Alikuwa na kadi ndogo za manila zilizogongwa muhuri wa jina la banda lake. Siku boom inapoingia alikuwa getini kabla ya watu wa chipsi, anauza kadi: lipa sahani kumi sasa, ule kumi na moja. Ukila anatoboa kwa ile mashine ya kutobolea karatasi. Vijana walizipenda kadi zile kwa sababu walijijua: pesa ikikaa kwenye simu inaliwa na mechi na vifurushi, ila kadi haibadilishwi kuwa kitu kingine. Wengine walinunua mbili.

Huyo wa 74,000 usimpeleke mahakama ya mwanzo, nauli na siku za kufunga banda zitakula zaidi. Nenda kwenye ofisi ya serikali ya wanafunzi, uliza waziri anayehusika na chakula au ustawi. Vijana wale wakipewa cheo wanakichukulia kwa uzito, na aibu ya kuitwa na waziri mwanafunzi mwenzako ni kali kuliko barua ya wadeni. Mkubaliane alipe 10,000 kila wiki.

Mama shikamoo. Mimi nimebebwa. Nilikosa chumba, rafiki yangu wa toka Advance akanichukua, tunalala kitanda kimoja cha chini, vichwa huku na huku. Kila tukisikia viatu vya wadeni naingia bafuni. Tukikamatwa anaadhibiwa nani? Na kwa nini vyuo vinadahili watu bila vitanda?
*Mbebwaji, mwaka wa kwanza*

Marahaba. Mnaadhibiwa wote, ila anayeumia zaidi ni mwenye chumba. Wewe utaondoshwa mahali ambapo kisheria hukuwepo. Yeye amesaini fomu inayosema hatampangishia wala kumhifadhi mtu, na anaweza kunyang'anywa kitanda katikati ya muhula bila kurudishiwa pesa. Kwa hiyo swali lako lilipaswa kuwa: nina haki gani ya kuhatarisha kitanda cha rafiki yangu?

Na huko bafuni tunajua mpo. Hakuna wadeni asiyejua. Chumba cha watu wanne kikiwa na ndoo sita na miswaki sita, hesabu haihitaji shahada. Wengi wetu tulikuwa tunavaa viatu vyenye kelele makusudi wiki mbili za kwanza, ili tusiwakute. Baada ya hapo tunavaa raba.

Nikupe siri ya kazi. Vitanda vinapatikana wiki ya tatu. Kuna waliopangiwa wakahamia chuo kingine, kuna walioahirisha mwaka, kuna waliopangiwa hawakulipia. Usajili ukifungwa, wadeni anabaki na orodha ya vitanda visivyo na wenyewe na hataki kuitangaza, maana akiitangaza watakuja mia tatu. Atampa aliye mbele yake. Kwa hiyo jina lako liwe kwenye orodha ya wanaosubiri tangu leo, na upite pale kila asubuhi kabla ya kipindi, kwa heshima, bila kulia. Ukiwa na ugonjwa unaohitaji dawa za kila siku au ulemavu, peleka barua ya daktari. Hao wana kipaumbele na wengi wanaona haya kusema.

Wakati unangoja, tafuta geto na wenzako wawili. Wenye nyumba wanaozunguka vyuo wanataka kodi ya miezi mitatu au sita mkupuo, hivyo mwambie mzazi ukweli badala ya kumwambia "nimepata hosteli".

Hilo la kudahili bila vitanda, chuo hakikuahidi kitanda, soma barua yako ya udahili. Lakini nakuelewa. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalipofunguliwa mabweni ya Magufuli Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, mimi nilidhani kubebana kumezeeka. Bado naletewa barua kila Novemba.

Mama, naomba usitaje hata mkoa. Mhadhiri wa somo moja anasema alama zangu za coursework hazionekani, wakati majaribio yote nilifanya. Nilipomfuata ofisini akasema tukutane Jumamosi lodge fulani "tuzitafute vizuri". Ananitumia meseji usiku. Marafiki wananiambia niende tu nikamlilie, wengine wanasema nikisema nitadisko, niondolewe chuo kwa kufeli. Sili, silali.
*Bila jina*

Usiende. Usiende kumlilia, usiende na rafiki akusubiri nje, usiende kwa nia ya kumrekodi.

Anachokifanya kina jina kwenye sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono ili ampe mtu haki, ajira au upendeleo. Adhabu yake ni faini isiyozidi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote pamoja. Nakutajia ili ujue kwamba siyo "tabia yake" kama wanavyosema wenzako, ni kosa la jinai, na mwenye kosa siyo wewe.

Meseji usifute hata moja, hata zinazokutia kichefuchefu. Piga picha ya kioo cha simu, namba yake ionekane na tarehe ionekane, uzitume kwenye simu ya mtu unayemwamini, mama au dada. Usimjibu kwa utani ili "kumtuliza". Ukijibu, jibu moja tu: "Naomba tuonane ofisini saa za kazi." Kisha chukua daftari uandike kila kitu ulichokumbuka: siku uliyokwenda ofisini, saa, nani alikuwa kwenye korido, alisema maneno gani. Andika leo, maana wiki mbili zijazo utaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Piga 113, ni bure, hiyo ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Au nenda ofisi yao ya wilaya, uombe kuongea na afisa mwanamke ukitaka. Kama itahitajika kumnasa, wao ndio watakaopanga, kwa utaratibu wao na watu wao. Chuoni kwako uliza Dawati la Jinsia au Mshauri wa Wanafunzi. Kama unahisi huyo mhadhiri ana watu kila ofisi, anzia nje, TAKUKURU, halafu urudi ndani.

Sasa alama, na hapa ndipo wasichana wengi hukosea njia. Wanaandika barua moja yenye mambo yote mawili, na kwa kuwa la usumbufu linaundiwa kamati, alama nazo zinasubiri kamati. Tenganisha. Andika barua ya alama peke yake kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo: nilifanya jaribio la kwanza tarehe fulani, la pili tarehe fulani, nilisaini karatasi ya mahudhurio, naomba alama zangu zitafutwe na kama karatasi haipo nielezwe hatua. Karatasi ya mahudhurio ya siku ya jaribio ndiyo mkombozi wako, kwa kuwa uliisaini na wasimamizi walikuwa zaidi ya mmoja. Kama ulirudishiwa jaribio hata moja likiwa limesahihishwa, lichanganue na uambatanishe. Kama kulikuwa na kazi ya kikundi, wenzako wana alama na wewe unapaswa kuwa nayo hiyo hiyo. Ukipata ushahidi wa hata nusu, bakia na nakala.

Hofu ya kudisko naielewa. Katika mgawanyo wa vyuo vingi coursework ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, na ule mtihani unafanywa kwa namba, si kwa jina, kisha sampuli zinapitiwa na mtahini wa nje. Mhadhiri mmoja hana kalamu ndefu kama anavyojidai. Unaweza pia kuomba kwa maandishi karatasi yako isahihishwe na mwingine, na ukiwa tayari una malalamiko yaliyopokelewa kwa muhuri, ombi hilo ni gumu kukataliwa.

Kama yupo anayesoma hapa ambaye alishakwenda kwenye lodge kama hiyo, na wewe bado unaweza kuripoti. Kama ni juzi, anza na hospitali, ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kinga. Mengine yatafuata.

Wewe mwenye barua, niandikie tena. Nataka kujua umekula.

Mama Wadeni, mimi nafagia kumbi za mihadhara. Siyo mwajiriwa wa chuo, ni wa kampuni yenye zabuni ya usafi. Nina mkataba wa miaka miwili, nimefanya miezi minane. Nina mimba ya miezi mitano. Supavaiza amesema nikijifungua nitakuwa "nimejiachisha". Likizo ya uzazi ni ya wahadhiri tu?
*Mwenye fagio*

Mdogo wangu, hongera kwanza. Likizo ya uzazi ni ya kila mwajiriwa, awe profesa au wewe unayemfutia ubao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye mshahara, na ukijifungua pacha ni 100. Unaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, na baada ya kujifungua hupaswi kurudi kazini kabla ya wiki sita isipokuwa daktari aseme unaweza. Ukirudi unanyonyesha, una saa mbili ndani ya siku ya kazi za kumnyonyesha mtoto. Umeshavuka miezi sita kazini, kwa hiyo hawana pa kuchomokea hapo.

Lakini una kazi ya kufanya ndani ya mwezi huu. Sheria inataka umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Mimba ni ya miezi mitano, imebaki minne, umebaki na mwezi mmoja. Siku ya kliniki mwombe daktari akuandikie tarehe inayotarajiwa, agonge muhuri. Kisha andika hivi, kwa mkono wako tu inatosha:

"Kwa Meneja. YAH: TAARIFA YA UJAUZITO NA MAOMBI YA LIKIZO YA UZAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi, mfanyakazi wa usafi, natarajia kujifungua tarehe ... kama cheti cha daktari kilichoambatanishwa kinavyoonesha. Naomba likizo ya uzazi ya siku 84 kuanzia tarehe ... Natanguliza shukrani."

Usimpe supavaiza aipeleke. Nenda ofisi ya kampuni mwenyewe, nakala yako isainiwe na aliyepokea. Wakikuachisha kwa sababu ya mimba, hiyo siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kujaza fomu. Siku 30 zinakwenda haraka ukiwa na kichanga, kwa hiyo mwonyeshe mumeo au dada yako nakala ilipo.

Na ninyi wa ofisi ya utawala mnaosoma safu hii mkiwa mnakunywa chai kwenye chumba alichokisafisha yeye: mkataba wa zabuni mnausaini ninyi. Hamtakosa kifungu cha kumuuliza mkandarasi anawalipaje watu wake.

Mama shikamoo. Nilimaliza 2017, ajira sijapata, nauza vifaa vya simu Mwanza. Deni la Bodi sijaanza kulipa. Kuna mtu mtandaoni anasema riba imefutwa na kwa 150,000 ananisafishia jina. Ni kweli?
*Mjasiriamali, Mwanza*

Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili ni mwizi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni linenepe kila ukilitazama, na ikaondoa pia adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Deni lenyewe halikufutwa, wala hakuna wa kulifuta kwa 150,000. Malipo ya Bodi yanafanywa kwa kontrol namba tu. Namba ya simu ya mtu, hata awe na picha ya nembo kwenye wasifu wake, siyo Bodi.

Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara bila kuulizwa. Wewe uliyejiajiri unapaswa kwenda mwenyewe, na kiwango cha chini ni 100,000 kwa mwezi. Omba taarifa ya deni lako kwanza kwenye tovuti ya Bodi, uone lilivyo baada ya tozo kuondoka, huenda ni dogo kuliko lile unaloliogopa. Na kumbuka kwenye fomu ya mkopo uliweka mdhamini. Kama ni mjomba, mpigie wewe kabla hajapigiwa.

Majibu ya haraka

*Wa Mbeya uliyelipa bima 50,400 mwaka jana na zahanati inasema hauko hai:* bima ya mwanafunzi ni ya mwaka mmoja. Stakabadhi ya mwaka jana haitibu malaria ya mwaka huu. Lipia tena kupitia chuo, na usiache mpaka uugue.

*Uliyeuliza kama ni haki mtu kuacha daftari juu ya kimbweta, meza ya nje ya kusomea, saa kumi na mbili asubuhi halafu akaja saa nne:* siyo haki. Kaa, soma. Akija mpe daftari lake.

*Mwenye GPA ya 3.4 anayeuliza kama chuo kinaweza "kumsogezea" kidogo afike 3.5:* hapana. Hiyo ni daraja la pili la chini, na watu wanaajiriwa nalo. Sogea mwenyewe muhula ujao kama bado unao.

*Wa Iringa:* ndiyo, joho la kukodi hurudishwa, na ukilichelewesha unalipishwa. Piga picha zako siku hiyo hiyo.

*Wa Morogoro uliyepoteza kitambulisho wiki moja kabla ya mtihani:* chukua taarifa ya upotevu polisi, nenda nayo ofisi ya usajili, lipia kingine, na uombe barua ya muda ya kuingilia mtihani. Usiazime cha pacha wako, hata kama mnafanana. Wasimamizi wameshaona pacha wengi.